Kidole gumba kwanza: namna ya kuimba na kupiga gitare kwa pamoja

Wiki iliyopita moja kati yetu aliuliza mu grupu: "Niko napiga gitare muzuri, naimba muzuri, lakini nikitaka kufanya vyote viwili, mukono unasimama. Ni juu ya nini?" Watu walimucheka kidogo (munajijua). Mimi sikucheka, juu ule ugonjwa ninaujua.

Miaka tatu nyuma, ku kilio ya mama shangazi, familia iliniomba nipige wimbo moja wa zamani wenye alikuwa anapenda. Ku nyumba nilikuwa naupiga bila kosa. Pale mbele ya watu nilifungua kinywa, na ku mustari wa pili kidole gumba kikaanza kufuata maneno, kisha vidole vyote vikasimama. Bamama wakaendelea kuimba wao wenyewe, na wimbo ulitoka muzuri kabisa. Mimi nilibaki na gitare ku magoti, sawa mutu mwenye kushika muzigo wa mwingine. Kisha ile siku niliiweka gitare nyuma ya kabati karibu mwaka muzima, nikisema sauti yangu njo mbaya.

Kumbe sauti haikuwa na kosa.

Mutu mwenye kukwaruza kamba zote pamoja, mukono wake unapanda na kushuka kwa mapigo moja, na maneno yanakaa juu ya yale mapigo bila shida. Lakini kupiga kwa vidole ni kazi ingine. Kidole gumba kinashika kamba tatu za nene na kutembea bila kusimama: mbili, mbili, mbili. Kidole cha shahada, na wengine wanaongeza cha kati, kinapiga kamba nyembamba fasi ya katikati ya yale mapigo. Ni kusema mu ile gitare moja muko tayari sauti mbili. Ukiongeza kinywa, zinakuwa tatu. Akili haiwezi kuchunga tatu. Inachunga moja, na kwa kawaida inachagua maneno, juu maneno njo yenye watu wanasikia. Basi gumba, yenye haina muchungaji, inakimbia kufuata maneno.

Hakuna namna ya kuongeza akili. Kazi ni kufanya gumba isiombe akili tena.

Sisi wa Katanga tungepashwa kujua hii mambo kuliko wengine. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimurekodi Jean-Bosco Mwenda mu Jadotville, yenye leo ni Likasi. Bosco alikuwa kijana wa miaka 22 hivi, alikuwa anapiga na vidole viwili tu, gumba na shahada, na mutu mwenye kusikiliza "Masanga" anafikiri muko wapigaji wawili. Musikilize yeye, musikilize Edouard Masengo na Losta Abelo, lakini kwa kazi: shika sikio ku gumba tu, uache mengine yote. Utasikia kama gumba haijali mwimbaji anasema nini. Mwimbaji akichelewa, gumba inaendelea. Akinyamaza, inaendelea. Sauti haipigi kamba, na kamba hazisindikizi sauti kama mutoto anafuata mama ku soko. Kila mutu iko na njia yake, wanakutana tu fasi fulani. Ile mizigi ya zamani ilikuwa mara na mutu wa kugonga chupa ya Fanta pembeni, ka-ka-ka, na ile chupa njo ilikuwa saa ya wote. Kama uko na mutoto ku nyumba mwenye hana kazi, mupe chupa na kijiko. Inashinda metronomu ya telefone, juu mutoto atakucheka ukikosa.

Sasa tufike ku kazi yenyewe. Chagua wimbo wenye unajua maneno tangu utoto, wa akordi mbili ao tatu: do, fa, sol. Usichague ule wa kushangaza watu. Piga gumba peke yake, polepole, mupaka uchoke kuisikia. Kisha ongeza shahada. Usiimbe bado. Kipimo changu ni hiki: bibi yangu akiuliza toka jikoni, "Bukari niweke ku meza?", nijibu sentensi nzima na gumba isisimame. Mwezi wa kwanza nilikuwa nasema "ndiyo" na gitare inanyamaza. Bukari ilipoa mara mingi. Siku yenye nilijibu, "Weka, lakini sombe kidogo," na kamba zikaendelea, nilijua mulango umefunguka.

Kisha kusema maneno ya wimbo, bila kuimba, kama unasoma gazeti, juu ya kamba. Watu wengi wanaruka hapa na njo hapa wanaanguka. Kusema kunaondoa kazi ya kutafuta noti, inabaki kazi ya wakati tu. Chukua karatasi na uandike mustari, uweke alama chini ya silabi zenye zinaanguka pamoja na gumba. Natengeneza mufano wangu: "Leo mama analima." Silabi ni nane, gumba inapiga mara ine: LE-o MA-ma A-na LI-ma. Ukisha kuzoea vile, geuza: acha gumba ipige kwanza, na "le" iingie nyuma yake kidogo. Utasikia mukono unataka kungojea kinywa. Usiukubalie. Hii kurudi nyuma kidogo njo inafanya wimbo utembee. Silabi zote zikianguka juu ya gumba, unasikia kama maandamano ya askari.

Kisha kuimba kwa noti moja tu, kisha wimbo wenyewe. Na mustari moja tu, hata wiki nzima. Nimeona kama wimbo hauvunjiki kila fasi, unavunjika fasi moja: pale akordi inabadilika na neno jipya linaanza kwa pamoja. Mimi ilikuwa kutoka do kwenda fa. Nilikuwa narudia wimbo wote toka mwanzo kila nikikosa, kazi ya bule kabisa, juu nilikuwa najifunza mwanzo mara makumi na ile fasi mbaya mara moja. Sasa nakata: neno la mwisho ya do, neno la kwanza ya fa, basi. Mara makumi mbili, kisha nalala. Asubuhi mukono unajua kitu chenye jioni haukujua.

Umeme ikikatika, usikasirike. Mu giza huwezi kuangalia vidole, na mutu mwenye kuangalia vidole anakunja shingo, kidevu kinashuka, koo linafungika, tumbo linakunjika na pumzi haitoki. Nilikuwa naita ile "sauti mbaya". Ilikuwa tu namna ya kuikala.

Tena, wimbo unaweza kuwa juu sana ao chini sana kwa sauti yako, na hiyo haihusu vidole. Kapo inasaidia: kila kichuma kimoja ku shingo ya gitare kinapandisha nusu ya toni. Ukifunga ku kichuma cha tatu na ukapiga umbo ya do, inatoka mi bemole. Kama huna ya kununua, kalamu ya kreyo na mupira wa kinga ya zamani vinafanya kazi, batoto wa mitaa wanajua. Lakini kapo inapandisha tu, haishushi. Kama wimbo ni wa re na unakukaba koo, piga umbo ya do, ao legeza kamba zote sawasawa.

Moja ya mwisho kwa ndugu mwenye aliuliza. Rekodi na telefone, uiweke mbali kidogo, ku mulango. Mimi nilisikia gitare tu, na nyuma yake mutu moja anaomba musamaha. Nilikuwa napiga kamba kwa nguvu kuficha sauti. Nilipunguza mukono, sikuongeza sauti, na maneno yakasikika.

Mwezi wa nane familia inakutana tena juu ya kuweka jiwe ku kaburi ya mama shangazi. Ule wimbo uko na mistari ine. Niko ku wa tatu. Fasi ya do kwenda fa ya mustari wa ine bado inanikatalia, na yaya yangu ameisha kuniambia kama bamama wako tayari kuimba bila mimi.