Kufundisha Uchumi wa Wakati wa Vita kwa Njia ya Mchezo

Mwalimu afundishaye Vita Kuu ya Pili ya Dunia katika shule ya msingi aghalabu huanza na majenerali na kuishia na tarehe. Wanafunzi huzikariri, wakafaulu mtihani, wasijue kamwe kwa nini nchi yenye askari hodari huweza kushindwa na nchi yenye viwanda vingi. Njia moja ya kuliziba pengo hilo inatokana na mchezo wa kompyuta uitwao Hearts of Iron IV, uliotolewa na kampuni ya Paradox ya Sweden mwaka 2016. Mwanachuo asitishike: darasani hatutahitaji kompyuta wala umeme.

Katika mchezo huo mchezaji huweza kutwaa uongozi wa nchi tangu Januari 1936. Viwanda vya kiraia humjengea viwanda vingine, na ndivyo atoavyo kulipia malighafi za nchi za nje. Viwanda vya kijeshi hutengeneza bunduki, vifaru na ndege. Viwanda vya meli huunda manowari. Lakini sehemu ya viwanda vya kiraia haruhusiwi kuigusa, kwa kuwa hiyo hutimiza mahitaji ya raia. Sheria za uchumi zikikazwa, fungu hilo la raia hupungua. Huo ndio moyo wa mchezo: kiwanda kilichoshika kazi moja hakiwezi, wakati uo huo, kushika nyingine.

Sasa tuingie darasani. Lipe kila kundi vizibo 12 vya soda. Kila kizibo ni kiwanda. Vizibo 3 viwekwe katika kikapu cha raia, visiguswe. Vilivyobaki kundi livigawe kila msimu: kila kizibo cha silaha huzaa harage moja, na kila vizibo 4 vya ujenzi huzaa kizibo kipya kimoja msimu ufuatao. Usiwaambie vita vitazuka lini.

Kundi lenye pupa litaweka vizibo vyote 9 katika silaha. Kundi lenye subira huenda likaweka 8 katika ujenzi kwa misimu mitatu ya kwanza, kisha likageukia silaha kwa nguvu zote. Mwisho wa msimu wa nne, wenye pupa wana maharage 36 na wenye subira 24 tu. Vita vikizuka hapo, subira imewaponza. Mwisho wa msimu wa sita wote wana 54. Mwisho wa msimu wa nane wenye pupa wana 72, na wenzao 84. Andika hesabu hizi ubaoni hatua kwa hatua, wala usiharakishe. Nimeona wanafunzi wakibishana juu ya msimu wa sita kuliko walivyopata kubishana juu ya jenerali yeyote. Ni somo la hisabati pia, ingawa si lazima kuwatangazia.

Wakiuliza kama mambo yalikuwa hivyo kweli, watajie kiwanda cha Ford cha Willow Run, jimboni Michigan, Marekani. Ujenzi wake ulianza mwaka 1941. Mwanzoni kilisuasua, lakini mwaka 1944 kilifikia kutoa takriban ndege moja ya kudondosha mabomu kila saa. Kikapu cha raia nacho kina ushahidi wake: Uingereza ilianza mgawo wa chakula tarehe 8 Januari 1940, na mgawo huo haukwisha kabisa hadi mwaka 1954, miaka tisa baada ya vita.

Hata hivyo, mchezo huu una upofu ambao mwalimu hana budi kuufichua. Ulipotolewa ulihesabu malighafi sita: mafuta, alumini, mpira, tungsteni, chuma cha pua na kromiamu. Katani haimo. Lakini Japani ilipoziteka Malaya, Java na Ufilipino mwaka 1942, mpira na nyuzi za kusokotea kamba viliwaadimikia Washirika, na Uingereza ikaigeukia Tanganyika. Watu walichukuliwa kwa amri ya serikali ya kikoloni, wakapelekwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya mpira. Katika kompyuta mpira ni tarakimu pembeni mwa kioo, aliyeugema haonekani.

Kwa hiyo, mchezo urudiwe mara ya pili kwa kanuni mpya. Kundi liruhusiwe kuchukua vizibo kutoka kikapu cha raia, lakini mwanafunzi mmoja akae kando ya kikapu kama raia, na kila kizibo kikitolewa aseme ni kitu gani kimepungua nyumbani kwake. Mwingine awe mchukuliwa wa shamba la mkonge. Huyo asipewe kikapu chochote. Kila msimu kundi limweleze kwa nini ni lazima aende, naye ajibu.