Neno "Wealth" na Maana Zake za Kale

Mwanafunzi wa Kiingereza akifungua kamusi leo na kulitafuta neno "wealth", ataambiwa kwamba maana yake ni mali, au utajiri. Jibu hilo ni sahihi, na kwa magazeti na barua za biashara latosha kabisa. Lakini akichukua Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mwaka 1611, iitwayo Biblia ya Mfalme James, na kufika katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 10, aya ya 24, atashangaa. Neno lake limeandikwa hapo, na kwa maana aliyofundishwa itaonekana kana kwamba Mtume Paulo awaagiza Wakristo waache mali yao wenyewe, na kila mmoja aitafute mali ya mwenziwe! Tulipokisoma kifungu hicho shuleni, mwenzetu mmoja aliuliza kama hiyo siyo ruhusa ya wizi. Tulicheka sana, lakini hapana hata mmoja wetu aliyeweza kumjibu.

Wafasiri wa mwaka 1611 hawakukosea. Wao waliandika neno kwa maana iliyokuwa ikitumika siku zao. Baadaye neno lenyewe lilihama, likawaacha nyuma.

Kabla ya Wanormani kuingia Uingereza mwaka 1066, katika Kiingereza cha kale palikuwa na neno "wela". Neno hili ni jamaa ya "well", ambalo hata sasa maana yake ni vema. "Wela" ilikuwa hali ya mtu ambaye mambo yake yamekaa sawa: yu katika raha, hana dhiki, na vitu alivyo navyo vyamtosha. Mali ilikuwamo tangu mwanzo, lakini ilikuwamo kama ng'ombe mmoja katika zizi, siyo zizi zima. Baadaye neno hilo likawa "weal", na katika karne ya 13 watu wakalitia mkia, wakasema "welthe", kwa kufuata mfano wa "health", yaani afya. Basi yakawa kama ndugu wawili: moja lilitaja uzima wa mwili, na jingine lilitaja uzima wa maisha ya mtu kwa jumla.

Ndugu hao wawili twawaona pamoja kanisani. Katika Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1662, mfalme huombewa aishi siku nyingi katika "health" na "wealth". Waliotunga sala hiyo hawakuwa wakimwombea mfalme aongezewe fedha. Walimtakia afya na heri. Tena katika Litania, ambayo Askofu Mkuu Thomas Cranmer aliitengeneza kwa Kiingereza mwaka 1544, watu humsihi Mungu awaokoe katika wakati wa dhiki, na pia katika wakati wa "wealth". Msomaji wa leo aweza kudhani kwamba sala hiyo yawahusu matajiri tu, na maskini hana haja ya kuitikia. Sivyo. Kinyume cha dhiki ni raha, na Cranmer alijua kwamba mtu aliye katika raha humsahau Mungu upesi, hata akawa na haja ya kuokolewa kuliko yule anayelia. Tena katika kitabu cha Esta, aya ya mwisho kabisa, Biblia hiyo ya 1611 yasema kwamba Mordekai aliwatafutia watu wake "wealth". Neno la Kiebrania lililo hapo ni "tov", maana yake jema.

Na ule mstari wa Wakorintho? Katika Kiyunani hamna neno la mali wala la heri. Pameandikwa tu "lile la mwenziwe", na wafasiri walilazimika kutia neno la kukamilisha. Walichagua lililokuwa likieleweka. Wakati Agano Jipya la Kiingereza liliposahihishwa na kutolewa tena mwaka 1881, wasahihishaji walilitoa neno "wealth" mahali hapo, wakaandika neno la wema. Hii ni dalili kwamba maana ya kale ilikuwa haisikiki tena masikioni mwa watu.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa "wealth" ilikuwa heri, Waingereza wa zamani hizo waliita nini mali? Walikuwa na maneno kadhaa, na moja litawapendeza wafugaji. Waliita "catel", neno lililotoka katika Kilatini kwa njia ya Kifaransa, na asili yake ni "caput", yaani kichwa. "Catel" ilikuwa mali yoyote ya kuchukulika: vyombo, nguo, fedha, mifugo. Halafu likagawanyika. Tawi moja likawa "cattle", nalo sasa ni ng'ombe tu. Tawi la pili likawa "chattel", ambalo hutumiwa na wanasheria. Na kutoka katika shina lile lile la Kilatini limekuja "capital", ambalo sisi twaliita rasilimali. Hata hilo letu, lililotoka katika Kiarabu, maana yake ni kichwa cha mali.

Lakini neno lililoleta ubishi mkubwa kuliko yote ni "commonwealth". Katika karne ya 15 na ya 16 Waingereza walisema "common weal" au "commonwealth" kwa maana ya heri ya watu wote, na kisha kwa maana ya nchi yenyewe pamoja na utawala wake, ili kufasiri neno la Kilatini "res publica". Hapo mashaka yakaingia. Mwaka 1531 mwanachuoni Sir Thomas Elyot, katika kitabu chake kuhusu malezi ya watawala, alilalamika kwamba watu wamedanganyika kwa neno hilo, wakidhani maana yake ni kuwa kila kitu kiwe shirika, pasiwe na bwana wala mtumwa. Yeye alitaka waseme "public weal". Elyot alikuwa mtu wa tabaka la wakubwa, na waziwazi aliogopa jambo ambalo maskini wangalilifurahia. Hata hivyo hakusikilizwa. Mfalme Charles wa Kwanza alipokwisha kukatwa kichwa mwezi wa Januari 1649, Bunge lilitangaza mwezi wa Mei mwaka ule ule kwamba Uingereza sasa ni "Commonwealth", nchi isiyo na mfalme. Ufalme ulirudi mwaka 1660, lakini neno halikufa: mpaka leo Virginia na Massachusetts, katika Marekani, hujiita hivyo, na Australia nayo tangu mwaka 1901.

Wakati huo huo biashara ilikuwa ikikua, na "wealth" ikazidi kuvutwa upande wa mali. Mwaka 1776 Mskochi Adam Smith alitoa kitabu chake mashuhuri juu ya utajiri wa mataifa. Siku zile wengi waliamini kwamba nchi tajiri ni ile yenye dhahabu na fedha nyingi katika hazina yake. Smith alikanusha. Alisema utajiri wa taifa ni mazao ya ardhi na kazi ya watu wake mwaka hata mwaka, vile vitu wanavyovila, kuvivaa na kuvitumia. Kwa njia fulani alilirudisha neno karibu na maisha ya watu. Lakini tangu hapo wataalamu wa uchumi wamelishika, na wao hupima.

Mtu mmoja aliona uchungu kwa jambo hilo. Ndiye John Ruskin, aliyeandika makala nne mwaka 1860 katika gazeti la Cornhill Magazine la London. Wasomaji walikasirika hata mhariri akazikomesha. Ruskin alisema kwamba kitu kinachomdhuru mtu hakistahili kuitwa "wealth", hata kikiuzwa kwa bei kubwa. Na kwa kuwa neno hilo limetoka katika "well", naye akaunda lingine kutoka katika "ill", yaani ubaya au ugonjwa, akasema "illth". Neno lake halikuenea, nami nalisikitikia, maana lingalitusaidia kuzitaja fedha za pombe haramu na za kamari. Makala hizo zilitolewa kuwa kitabu mwaka 1862. Mwaka 1904 Mohandas Gandhi alikisoma ndani ya gari la moshi kutoka Johannesburg kwenda Durban, na mwaka 1908 akakieleza kwa Kigujarati. Jina alilokipa lilikuwa "Sarvodaya", maana yake usitawi wa wote. Yaani mfasiri wa Kihindi, akiwa Afrika ya Kusini, aliikuta ile maana ya kale ambayo Waingereza wenyewe walikuwa wameisahau.

Nasi Waswahili? Ule umoja wa mataifa huru uliothibitishwa kwa Tamko la London la mwaka 1949, ambao Kenya iliingia mwaka 1963 na ambao sasa una nchi 56, kwa Kiingereza huitwa "Commonwealth". Anayelivunja neno hilo vipande viwili kwa kamusi ya leo atasema ni shirika la mali, na kesho atauliza fungu lake liko wapi. Kwa Kiswahili umeitwa Jumuiya ya Madola. Wafasiri waliochagua jina hilo waliiacha mali, wakaiacha na heri pia, wakataja tu wale walioungana. Mimi kama ningalipewa kazi hiyo ningalijaribu kuitia heri, na naamini ningalishindwa: Jumuiya ya Heri ya Wote ni jina linalofaa chama cha kuzikana.