Moyo ukisimama, nani atatunza viungo vingine?

Leo tutafakari 1 Wakorintho 12, Mtume Paulo anapolifananisha Kanisa na mwili mmoja wenye viungo vingi.

Ili daktari bingwa afungue moyo na kurekebisha vali iliyoharibika, mara nyingi hulazimika kuusimamisha kwanza. Hatari iko hapo. Ubongo ukikosa damu kwa dakika chache tu huanza kufa, na figo nazo huumia.

Watafiti walihangaika na jambo hili miaka mingi. Mwaka 1950, Dk Wilfred Bigelow wa Toronto, Canada, alionyesha kwa wanyama kwamba mwili ukipoozwa huhitaji oksijeni kidogo. Mei 6, 1953, huko Philadelphia, Marekani, Dk John Gibbon alimfanyia upasuaji msichana wa miaka 18, huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu yake.

Leo mtaalamu wa mashine hiyo hashiki kisu. Kazi yake ni kuhakikisha damu yenye oksijeni inafika kwenye ubongo, figo na ini hadi moyo utakapoamka. Moyo wenyewe hupewa dawa yenye potasiamu, ukalala bila kufa.

Upasuaji huo unafanyika hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Lakini kwa mzazi wa Mabira, wilayani Kyerwa, safari ni zaidi ya kilomita 1,000. Mama akiondoka na mtoto mgonjwa, tunachanga nauli, tunaomba, tunasema amina. Je, waliobaki nyumbani? Wadogo zake wanakula nini? Nani anapalilia migomba? Nani anaanua kahawa mvua ikitanda? Mtoto anaweza kurudi na moyo mzima akakuta ndugu zake wameacha shule na shamba limekuwa pori.

Paulo anatufundisha kwamba viungo vyapaswa kutunzana. Basi jumuiya iwe kama yule mtaalamu wa mashine: haitibu moyo, lakini hairuhusu viungo vingine vife wakati moyo unatibiwa.

Wiki hii mkumbuke jirani ambaye mgonjwa wake yuko mbali. Umeshamwombea, sasa pita kwake na mkungu wa ndizi, kisha uulize watoto wameamkaje.