Ankara ya Maji Inapozidi: Ubishe Hodi Mlango Upi?

Katika mji mdogo, huduma za umma huonekana kana kwamba zinatoka katika nyumba moja. Ofisi ya halmashauri, ya maji na ya umeme huenda ziko mtaa mmoja, na msoma mita ni jirani unayekutana naye sokoni. Kwa sababu hiyo, mtumiaji anayepata ankara asiyoielewa aghalabu humweleza diwani, au humdokeza msoma mita njiani, kisha husubiri. Deni hukua na mwishowe maji hukatwa. Malalamiko yalitolewa kweli, lakini hayakuandikwa popote, wala hayakumfikia mwenye wajibu wa kuyajibu.

Nani anawajibika kwa lipi?

Halmashauri ya mji, kama ya Korogwe au ya Mbulu, hushughulikia mambo kama uzoaji wa taka na masoko. Mtandao wa barabara za mitaa uko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Maji ya bomba mijini hutolewa na mamlaka ya maji, ambayo huongozwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyounda RUWASA, wakala unaosimamia maji vijijini kupitia vyombo vya watumiaji maji vya jamii. Hivyo majirani wawili pembezoni mwa mji wanaweza kuwa na watoa huduma tofauti. Jina lililo juu ya ankara yako ndilo litakalokuonyesha wako ni yupi. Diwani anaweza kukusemea, lakini hana uwezo wa kurekebisha ankara.

Pima kabla ya kulalamika

Uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Kaya inayotumia ndoo 15 kwa siku hutumia lita 300. Kwa siku 30 ni lita 9,000, yaani uniti 9. Ankara ikionyesha uniti 27, maana yake ni ndoo 45 kila siku. Huenda mita ilisomwa vibaya, matumizi yalikadiriwa, mita ina hitilafu, au maji yanavuja.

Kwanza, linganisha namba ya mita na usomaji ulioandikwa kwenye ankara na vile unavyoviona kwenye mita yenyewe. Pili, funga koki zote usiku, andika usomaji, kisha utazame tena asubuhi kabla ya kutumia maji. Usomaji ukiwa umeongezeka, kagua mabomba baada ya mita, kwa kuwa matengenezo ya upande huo kwa kawaida ni jukumu la mteja. Usipoona uvujaji, omba mita ipimwe.

Fuata ngazi

1. Anza kwa mtoa huduma, kwa maandishi. Taja jina, namba ya akaunti, tarehe, usomaji ulioukuta na marekebisho unayoyaomba. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Omba pia huduma isisitishwe wakati shauri linashughulikiwa, na uendelee kulipa kiasi usichokibishia.

2. Usiporidhika na jibu, au usipojibiwa, peleka malalamiko EWURA pamoja na nakala hiyo. Bila nakala, ni vigumu kuthibitisha kwamba mtoa huduma alipewa nafasi ya kujibu. Ikiwa unahudumiwa na chombo cha jamii, nenda ofisi ya RUWASA ya wilaya.

3. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani.

Ukihitaji msaada wa kuandaa malalamiko, liendee Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA CCC.

Kumbuka kwamba njia hii ni ya kupinga ankara yenye kasoro. Ikiwa hoja yako ni bei ya uniti yenyewe, mahali pake ni mkutano wa taftishi ya umma, unaofanyika kabla EWURA haijaidhinisha bei mpya. Mtumiaji yeyote anaweza kuhudhuria na kutoa maoni.

Hata kama msoma mita ni rafiki yako, mwandikie barua mwajiri wake. Barua haivunji ujirani. Inampa mtoa huduma jambo analopaswa kulijibu.