Ahadi ni deni: Jinsi serikali za mashinani zinavyofungwa na malengo ya huduma

MWAKA wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na pamoja nao huanza hesabu mpya ya ahadi. Barabara zitawekwa changarawe, mitaro itazibuliwa, zahanati zitapata dawa na taka zitazolewa sokoni kabla ya kuoza. Ifikapo Juni 30 ya mwaka unaofuata, swali huwa ni moja: nani alitia saini ahadi hizo, na nani ana haki ya kumdai?

Swali hilo ndilo kiini cha utaratibu ambao Kenya imeujaribu kwa njia mbalimbali kwa zaidi ya miongo miwili. Serikali za mashinani hukubaliana na serikali kuu, na wakati mwingine na wafadhili, kuhusu viwango vya huduma vinavyopaswa kufikiwa. Kisha hupimwa kwa viwango hivyo, na matokeo huamua sifa zao au hata kiasi cha fedha watakazopata. Jina la utaratibu limebadilika mara kadhaa, lakini mantiki yake ni ile ile: fedha za umma zisitolewe bila kujulikana zitafanya nini.

Zama za mabaraza

Kwa miaka mingi mabaraza ya miji na ya kaunti yalikuwa mfano wa huduma mbovu. Chanzo kimoja kilikuwa uamuzi wa serikali wa mwaka 1969, uliotekelezwa kuanzia 1970, wa kuyaondolea mabaraza ya kaunti elimu ya msingi, afya na barabara. Mabaraza yalibaki na majukumu madogo na mapato haba, huku madeni na malimbikizo ya mishahara yakizidi kuongezeka.

Hatua ya kwanza ya kurekebisha hali hiyo ilikuwa sheria ya mwaka 1998 iliyounda hazina ya LATF. Kupitia hazina hiyo, iliyoanza kugawa fedha katika mwaka wa 1999/2000, asilimia 5 ya ushuru wa mapato wa kitaifa ilitengewa mabaraza. Fedha hizo hazikutolewa bure. Asilimia 60 ya mgao wa kila baraza ilitegemea kuwasilishwa kwa makadirio ya bajeti yanayokubalika. Asilimia 40 iliyosalia ilitolewa baraza lilipowasilisha hesabu za mapato na matumizi, orodha ya madeni, mpango wa kuongeza mapato na mpango wa huduma ulioandaliwa pamoja na wakazi. Baraza lililochelewesha nyaraka hizo lilikatwa sehemu ya mgao wake.

Mpango huo wa huduma, ulioitwa LASDAP na kuanza mwaka 2001, ulikuwa na umuhimu wa pekee. Kwa mara ya kwanza baraza lilitakiwa kuita mikutano katika wadi, kuwaambia wakazi kiasi cha fedha kilichopo, na kukubaliana nao kuhusu miradi ya kupewa kipaumbele. Mahali pengine mikutano hiyo ilitekwa na madiwani na wapambe wao. Hata hivyo, msingi uliwekwa kwamba mkazi wa kawaida ni mshirika katika makubaliano, wala si mtazamaji tu.

Mikataba ya utendakazi

Hatua ya pili ilikuja baada ya serikali ya NARC kuingia mamlakani. Mwaka 2003 iliundwa kamati ya kuandaa mikataba ya utendakazi, na kufikia Desemba 2004 mashirika 16 ya serikali yalikuwa yametia saini mikataba ya kwanza. Baadaye wizara ziliingizwa, kisha mabaraza, yakianza machache makubwa kabla ya utaratibu kuenezwa kwa mengine. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa uliitunuku Kenya tuzo ya utumishi wa umma kwa ajili ya mfumo huo.

Mkataba wa utendakazi si mkataba wa kazi wa kawaida. Ni maafikiano kati ya serikali kama mwenye mali na taasisi kama msimamizi wake. Kwanza taasisi hueleza uwezo wake: watumishi, fedha na vifaa. Pili, hutaja mahali inapoanzia, kwa mfano ni nyumba ngapi katika mji zinazopata maji ya mfereji. Tatu, pande mbili hujadiliana kuhusu lengo la mwaka na uzito wa kila lengo. Mwishoni mwa mwaka matokeo hulinganishwa na malengo, na taasisi hupewa alama kati ya 1 na 5. Msomaji aliyezoea mitihani ya shule huenda akashangaa, kwani hapa 1 ndiyo bora zaidi na 5 ndiyo mbaya zaidi.

Mkataba huwa na upande wa pili unaosahaulika mara nyingi: wajibu wa serikali kuu. Baraza haliwezi kulaumiwa kwa kutojenga soko ikiwa fedha za kulijenga zilifika wiki mbili kabla ya mwaka kwisha.

Funzo kutoka Uingereza

Kenya haikuwa peke yake. Nchini Uingereza, mwaka 2000 serikali ya Tony Blair ilianzisha makubaliano ambapo baraza lilichagua takriban malengo 12 ya kuboresha huduma katika muda wa miaka mitatu hivi. Lililoyafikia yote lilipata zawadi ya hadi asilimia 2.5 ya bajeti yake halisi ya mwaka.

Kufikia 2005 fikra hiyo ilikuwa imepanuliwa. Mabaraza yaliketi pamoja na polisi, taasisi za afya, mashirika ya hiari na wafanyabiashara, kwa hoja kwamba uhalifu, afya mbaya na ukosefu wa kazi haviwezi kutatuliwa na ofisi moja. Maeneo 21 yalikuwa ya majaribio. Kufikia 2008 maeneo 150 ya England yalikuwa na makubaliano kama hayo, kila moja likiwa na malengo yasiyozidi 35 yaliyochaguliwa kutoka orodha ya kitaifa ya vigezo 198, mbali na malengo ya elimu yaliyowekwa na sheria.

Mwaka 2010 serikali mpya ya muungano iliufutilia mbali utaratibu huo. Ilidai kwamba mabaraza yalikuwa yakitumia nguvu nyingi kuripoti kwa London badala ya kuwahudumia wakazi. Watetezi wake walisema kuwa kilichopotea ni ile meza moja iliyowalazimisha wakuu wa taasisi mbalimbali kutazamana usoni na kugawana kazi. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Malengo yakiwa mengi mno humfanya mtumishi kuwa karani wa takwimu, na yasipokuwapo kabisa hakuna anayejua nani ameshindwa.

Kaunti si mabaraza

Nchini Kenya mabaraza yote 175 yalikoma baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, na nafasi yake ikachukuliwa na kaunti 47 kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Badiliko hilo halikuwa la majina tu. Baraza lilikuwa chini ya waziri, aliyeweza kuliamuru na hata kulivunja. Kaunti ni serikali kamili. Kifungu cha 6 cha Katiba kinasema kuwa ngazi hizi mbili za serikali ni tofauti lakini zinategemeana, na kwamba zitahusiana kwa mashauriano na ushirikiano.

Maana yake ni kwamba serikali kuu haiwezi kumwekea gavana malengo jinsi ilivyomwekea karani wa mji. Lazima pakubaliwe. Wakati huo huo, fedha zinazohusika ni nyingi kuliko zile za enzi za LATF. Katiba inazihakikishia kaunti asilimia isiyopungua 15 ya mapato ya kitaifa yaliyokaguliwa. Mgao huo ulikuwa Sh190 bilioni katika mwaka wa 2013/14, na kufikia 2021/22 ulikuwa Sh370 bilioni.

Nani basi humdai gavana? Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inatoa jibu katika sehemu ya 47. Kamati kuu ya kaunti inatakiwa kuandaa mpango wa kusimamia utendakazi wenye vigezo vinavyopimika, naye gavana anatakiwa kuwasilisha ripoti ya utendakazi ya kila mwaka kwa bunge la kaunti. Sheria hiyo hiyo inadai mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na ile ya usimamizi wa fedha za umma inataka mpango wa kila mwaka uwasilishwe kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Aidha, sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, katika kipindi cha miaka kadhaa, iende kwa maendeleo.

Wafadhili nao waliingia kwa njia ya masharti. Mpango wa kusaidia ugatuzi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2016 kwa dola 200 milioni, ulizipima kaunti kila mwaka na kutoa fedha kwa zilizotimiza vigezo vya usimamizi. Aliyeikumbuka LATF alitambua mara moja sura ya zamani katika vazi jipya: tekeleza kwanza, upate baadaye.

Kipimo chenyewe kipimwe

Hatari kubwa ya malengo ni kupima kilicho rahisi badala ya kilicho muhimu. Kaunti ikiahidi kuchimba visima 20, itavichimba na kujipa alama bora, hata kama nusu yake havitoi maji baada ya mwaka mmoja. Lakini mama anayebeba mtungi hahesabu visima. Yeye huhesabu hatua kutoka mlangoni pake hadi kwenye maji. Lengo linalomfaa ni lile linalotaja idadi ya familia zitakazopata maji, umbali gani, na kwa siku ngapi za wiki.

Hatari ya pili ni ya anayepimwa kujichagulia lengo la chini. Baraza lililozoa nusu ya taka liliweza kuahidi kuzoa zaidi kidogo, likalifikia lengo kwa urahisi na kusifiwa, ilhali mji uliendelea kunuka. Wahenga walionya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndiyo maana hali ya mwanzo haina budi kuandikwa wazi, na watathmini wawe watu wasiotegemea ofisi wanayoipima.

Hatari ya tatu ni ya fedha kuchelewa. Magavana wamelalamika mara kwa mara kuwa Hazina Kuu hukawia kutuma mgao. Lalamiko hilo lina uzito, lakini pia huweza kugeuzwa kichaka cha kujificha. Makubaliano bora hutaja tarehe ya kila upande, ili ijulikane nani alivunja ahadi kwanza.

Nafasi ya mwananchi

Katika mikataba hii yote, saini ya mwananchi haionekani, ingawa yeye ndiye anayelipa na yeye ndiye anayehudumiwa. Hata hivyo, sheria haijamwacha mikono mitupu. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kufanya kazi zake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Mipango na bajeti za kaunti ni hati za umma.

Mkazi anayefika katika kikao cha kukusanya maoni hana haja ya kuwa mhasibu. Anaweza kuuliza maswali manne: mwaka jana mliahidi nini katika wadi hii? Mmetimiza kiasi gani? Fedha zilizobaki ziko wapi? Mwaka huu tutajuaje kuwa mmefaulu? Afisa anayeyajibu kwa takwimu na mahali panapoweza kutembelewa ameonyesha kuwa mpango upo. Anayejibu kwa hotuba ametoa jibu pia, ila la namna nyingine.

Mali bila daftari huisha bila habari. Malengo ya huduma ni daftari la umma, na daftari lisilofunguliwa na mwenye mali haliwezi kumlinda. Mabaraza yalikuwa na mipango ya LASDAP na baadaye mikataba, lakini katika miji mingi wakazi hawakuwahi kuiona. Kaunti zina sheria nzuri zaidi na fedha nyingi zaidi. Tofauti itatokana na idadi ya wakazi watakaofika katika kikao kijacho wakiwa na nakala ya ahadi za mwaka uliotangulia.