Spika za Mnara: Fedha Iende Kwenye Boksi

Anayetaka kujiundia spika za sauti ya sinema sebuleni kwa bajeti ndogo mara nyingi huanza kwa kusaka wufa (spika ya besi) kubwa kuliko zote dukani. Hapo ndipo fedha hupotea. Koni ya spika ikisukuma hewa mbele, huivuta nyuma wakati huohuo. Mawimbi hayo mawili yakikutana, besi hufifia. Kazi ya boksi ni kuyatenganisha. Kwa hiyo wufa ya inchi 6.5 ndani ya boksi lenye ujazo sahihi huweza kuishinda ya inchi 10 iliyofungwa kwenye boksi la kukisia. Na hakuna haja ya kukisia: Neville Thiele na Richard Small, katika miaka ya 1960 na 1970 huko Australia, walionyesha namna ya kukokotoa ujazo huo kwa vipimo ambavyo watengenezaji makini huviandika. Umbo la mnara hutoa lita nyingi kwa nafasi ndogo ya sakafu, na huinua twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) hadi usawa wa masikio ya aliyeketi. Ubao wa MDF wa milimita 18, ukitiwa gundi kila kiungo na mhimili katikati, hautetemeki ovyo.

Wapo watakaosema spika zilizo tayari za dukani ni nafuu kuliko za kujiundia. Kwa zile za bei ya chini kabisa, ni kweli. Lakini nyingi kati ya hizo huilinda twita kwa kapasita moja tu na kuiachia wufa kila sauti, hivyo maneno ya waigizaji hukosa uwazi. Krosova, yaani saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita, ikipangwa kwa spika husika ndiyo huyanyoosha mazungumzo. Basi boksi na krosova vitangulie. Ukubwa wa koni unaweza kusubiri.