Hiyo si Taarabu, Mjukuu Wangu

Ijumaa iliyopita, hapa nyumbani kwa binti yangu, mtaa wa Al-Hamra, Jeddah, mjukuu wangu alinifungulia kwenye simu wimbo wa Mlimani Park. Ulipofika nusu akaukata. "Babu, taarabu hii inanitia usingizi." Nikamwambia, kwanza si taarabu; pili, umeukata pale ulipokuwa unaanza.

Simlaumu. Taarabu wanaisikia kwenye harusi zetu, watu wamekaa, wanasikiliza, wanatunza. Muziki wa dansi hawajaukuta mahali pake, yaani ukumbini. Tulilipa kiingilio, bendi ikapiga mpaka usiku mkubwa, na wimbo usiotoa watu vitini haukupata umri mrefu.

Ndiyo maana wimbo wa dansi una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya taratibu: mwimbaji anasimulia kisa cha mapenzi, msiba au ugumu wa maisha, nasi tunacheza kwa kujizuia ili tushike maneno. Kisha gitaa la solo linapanda, la pili linalijibu, besi na ridhimu hazitoki mahali pao, tarumbeta na saksafoni zinaingia kwa pamoja, kiitikio kinarudiwa na kurudiwa. Hapo panaitwa chemko. Sisi wa shule ya misheni, tuliofundishwa kuimba sauti nne tumesimama kama nguzo, tulichelewa kidogo kujifunza.

Tena kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina. Mlimani Park, iliyoanza 1978, ni Sikinde, ngoma ya Wazaramo. NUTA Jazz ya 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi, ambayo baadaye iliitwa JUWATA, kisha OTTU, ni Msondo, na hilo nalo ni jina la ngoma. Mapigo walisikia kwenye santuri za Kuba na za Kongo. Majina wakachukua kwa bibi zao. Mwaka 1969 wakubwa wa Dar es Salaam walipopiga marufuku soul ya Marekani, vijana wa rika langu tulinuna, lakini dansi ilikuwepo na Jumamosi hatukukaa nyumbani.

Kanda zangu za redioni nyingi zimekatika kabla ya chemko, kwa sababu saa ya taarifa ya habari ilifika. Kwa hiyo nikamwomba mjukuu aurudie wimbo ule wote, asiguse simu. Chemko lilipoingia, mama yake alitoka jikoni na mwiko mkononi, mabega yameshaanza.